Tesla na ndoto ya umeme usiohitaji waya

Majuzi mwalimu mmoja wa fizikia katika shule ya upili aliniletea swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza lilionekana dogo. Alitaka kujua tuuite nini kwa Kiswahili umeme unaosafirishwa bila waya. Nusura nimjibu papo hapo. Wazee wetu walipoletewa telegrafu isiyo na nyaya waliiita simu ya upepo, na kwa kuufuata mfano huo jibu lingekuwa umeme wa upepo. Lakini jina hilo limekwisha kupata mwenyewe. Umeme wa upepo ni ule unaozalishwa na mitambo yenye mapanga makubwa yanayozunguka kule Ngong na karibu na Ziwa Turkana. Lililofaa kwa simu halikufaa kwa umeme.

Nilipozidi kulitafakari jambo hili niligundua kwamba kosa lililonijia mimi katika neno ndilo lililompata mtu mashuhuri katika kazi kuu ya maisha yake. Mtu huyo ni Nikola Tesla. Naye alidhani kwamba mahali ambapo ishara inaweza kupita bila waya, nguvu nayo itapita.

Aghalabu wanafunzi wetu humjua Tesla kwa mojawapo ya hadithi mbili. Ya kwanza humfanya walii wa sayansi aliyetaka kuwapa walimwengu umeme wa bure, matajiri wakamfitini. Ya pili humfanya mtu aliyerukwa na akili, akazeeka akilisha njiwa. Hadithi zote mbili ni nyepesi mno, na zote humnyima mwanafunzi somo lililomo katika maisha yale. Ndiyo maana nimeona vyema tuyapitie upya, hatua kwa hatua.

Tesla alizaliwa tarehe 10 Julai mwaka 1856 katika kijiji cha Smiljan, ambacho wakati huo kilikuwa katika himaya ya Austria na leo kimo nchini Croatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa kanisa la Othodoksi, naye alitamani mwanawe avae joho hilo hilo. Mama yake, Đuka, hakujua kusoma, lakini aliunda kwa mikono yake vyombo vya kurahisisha kazi za nyumbani, na alihifadhi moyoni tenzi ndefu za watu wake. Sisi ambao tumewahi kuwasikia nyanya zetu wakighani tendi nzima bila kutazama kitabu hatuna sababu ya kushangaa. Tesla mwenyewe alishikilia hadi uzeeni kwamba kipaji chake cha ubunifu alikirithi kwa mama.

Alipomaliza masomo ya upili alishikwa na kipindupindu, akawa mahututi. Akiwa kitandani alimwomba baba yake amruhusu kusomea uhandisi endapo angepona. Baba akaridhia, na mgonjwa akainuka. Mwaka 1875 aliingia chuo cha ufundi mjini Graz, Austria. Huko aliona mashine ya umeme iliyotoa cheche nyingi mahali ambapo brashi zake zilisuguana na sehemu inayozunguka, akadai kwamba mashine ingeweza kuundwa bila brashi hizo. Profesa wake aliwaeleza wanafunzi kwa kirefu kwa nini jambo hilo haliwezekani. Tesla hakubishana zaidi, ila hakulisahau. Hakuhitimu pia: alianza kwa bidii iliyopindukia, akaishia kwenye kamari na kuacha chuo.

Hapa yafaa nifafanue kidogo. Kuna namna mbili za mkondo wa umeme. Mkondo mnyoofu huenda upande mmoja tu, kama maji ya mto, na ndio unaotoka katika betri. Mkondo geu huenda na kurudi bila kukoma, na katika nyaya za nchi yetu hufanya hivyo mara 50 kila sekunde. Siku moja mwaka 1882, Tesla akiwa anatembea na rafiki yake katika bustani moja mjini Budapest, huku akighani kwa moyo beti za Goethe, aliona akilini jibu la fumbo la Graz. Mikondo geu miwili au zaidi inayopishana kidogo kwa wakati, ikipitishwa katika koili zilizopangwa kwa duara, huzaa uga wa sumaku unaozunguka wenyewe. Uga huo huzungusha mhimili wa mota bila brashi yoyote kuugusa.

Mwaka 1884 alivuka bahari kwenda New York, akafanya kazi katika kampuni ya Thomas Edison kwa miezi michache tu, kisha akaondoka kwa sababu ya malipo. Waliodhamini kampuni yake ya kwanza walimwacha mkono mtupu, na katika majira ya baridi ya mwaka 1886 kuingia 1887 mhandisi huyu alichimba mitaro ili apate riziki. Lakini mwaka 1888 alipewa hataza za mota yake, na tajiri George Westinghouse akazinunulia haki. Insafu yatutaka tuongeze kwamba Galileo Ferraris wa Italia alikuwa amegundua uga huo huo unaozunguka kwa njia yake mwenyewe. Mbegu moja inaweza kuota katika mashamba mawili.

Kilichofuata ni ushindi mkubwa. Mkondo geu uliangaza maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893, na mwaka 1896 nguvu za maporomoko ya Niagara zikafikishwa katika mji wa Buffalo, mwendo wa zaidi ya kilomita 30. Mwaka uliofuata Westinghouse alizinunua hataza za Tesla moja kwa moja kwa dola 216,000. Hadi leo umeme unaotoka Olkaria au Masinga hupandishwa volti, ukasafirishwa mbali kwa hasara ndogo, kisha ukashushwa volti karibu na nyumba zetu, na yote hayo hufanyika kwa urahisi kwa kuwa mkondo ni geu. Hata hivyo ushindi wa kisayansi si wa milele. Njia kuu ya umeme kutoka Ethiopia hadi Suswa, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, ambayo ilianza kutuletea umeme mwaka 2022, hutumia mkondo mnyoofu, kwa kuwa vyombo vya kisasa vimeondoa udhaifu uliokuwa nao zamani za Edison.

Lau Tesla angetosheka na hayo, jina lake lingetajwa katika vitabu vya uhandisi na kuachwa hapo. Hakutosheka. Alianza kuuona waya wenyewe kuwa kikwazo.

Wazo hilo halikuwa la ajabu kama linavyosikika. Mwalimu na awatoe wanafunzi wake nje, awaonyeshe transfoma iliyoning'inia kwenye mlingoti wa stima. Ndani yake mna koili mbili. Waya wa koili ya kwanza haukuunganishwa na waya wa koili ya pili. Mkondo geu unapopita katika koili ya kwanza huzaa uga wa sumaku unaobadilika kila mara, nao uga huo huamsha mkondo katika koili ya pili. Michael Faraday alilibainisha jambo hili mwaka 1831. Kwa hiyo kila nyumba yenye stima imekwisha kupokea umeme ulioruka kutoka waya mmoja hadi mwingine bila kuguswa. Tofauti ni kwamba katika transfoma koili hizo zimezungushiwa chuma kimoja kinachouelekeza uga. Ukiziachanisha hewani, sehemu kubwa ya uga hupita kando.

Tesla alitafuta njia ya kuupunguza upotevu huo, akaipata katika ulandanifu wa mitetemo. Mfano wake uko katika muziki wetu wa mwambao. Nyuzi mbili za udi zikikazwa kwa sauti moja, ukipiga mmoja, wa pili hutetemeka wenyewe, ilhali uzi uliokazwa kwa sauti nyingine hutulia. Vivyo hivyo, koili inayotuma na koili inayopokea zikirekebishwa ziwe na mtetemo mmoja wa umeme, ya pili huipokea nguvu ya ya kwanza kwa wepesi zaidi. Mwaka 1891 aliunda koili inayobeba jina lake hadi leo, na mwaka huo huo mjini New York akawaonyesha wahandisi mirija ya kioo ikiwaka pasipo waya wowote kuifikia. Mwaka 1892 alirudia maonyesho hayo London na Paris. Akasifiwa kila alikokwenda. Mgema akisifiwa sana, twajua afanyalo.

Mwezi Machi mwaka 1895 maabara yake iliteketea kwa moto, na kazi ya miaka ikawa majivu. Alianza upya. Mwaka 1898 aliwaonyesha watu wa New York mashua ndogo aliyoiendesha kutoka mbali kwa mawimbi ya redio, bila kamba wala waya. Hapa ndipo tunapopaswa kusoma kwa makini. Mashua ile ilikuwa na betri zake yenyewe. Kilichopita hewani kilikuwa amri tu.

Mwaka 1899 Tesla alihamia Colorado Springs, mji ulio juu milimani, akajenga maabara ya mbao yenye koili kubwa ajabu. Lugha yetu huita radi inayomulika na nguvu inayowasha taa kwa neno moja, umeme, nako Colorado mambo hayo mawili yalikutana kweli, kwani mitambo yake ilitoa cheche za urefu wa mita kadhaa zilizonguruma kama radi. Ile picha mashuhuri inayomwonyesha ameketi akisoma kwa utulivu chini ya cheche hizo ni picha mbili zilizopigwa kwa zamu juu ya bamba moja: cheche kwanza, mtu baadaye. Naitaja kwa kuwa wengi huiamini kama ilivyo.

Tarehe 3 Julai mwaka huo aliwasha chombo cha kunasa ishara wakati tufani la radi lilipokuwa likienda zake. Ishara hazikufifia moja kwa moja kadiri tufani lilivyokwenda mbali, bali zilipungua, zikazidi, zikapungua tena, hata lilipokuwa mamia ya kilomita kutoka hapo. Tesla alihitimisha kwamba dunia nzima hutetemeka kwa umeme kama kengele iliyogongwa. Basi, akawaza, nikiigonga kengele hii kwa kipimo chake, mtu yeyote popote ulimwenguni atachomeka chombo ardhini na kuteka nguvu.

Kosa lilikuwa hapo, nalo lilikuwa la mantiki kabla ya kuwa la fizikia. Alichonasa kilikuwa alama hafifu ya tufani. Kutoka katika alama akarukia nguvu. Huenda mwanafunzi amesoma kwamba huko Colorado Tesla aliwasha taa 200 umbali wa kilomita 40. Habari hiyo ilienezwa na mwandishi wa maisha yake mwaka mmoja baada ya kifo chake. Daftari za kazi zake mwenyewe, zilizochapishwa na jumba lake la makumbusho mjini Belgrade mwaka 1978, hazina jaribio kama hilo. Zinaonyesha taa chache zilizowaka karibu na maabara.

Aliporudi New York alimwendea mwenye benki J. P. Morgan, ambaye mwaka 1901 alikubali kutoa dola 150,000. Fedha hizo zilitolewa kwa ajili ya kupeleka habari ng'ambo ya bahari. Huko Wardenclyffe, katika kisiwa cha Long Island, ukaanza kuinuka mnara wa mita 57 hivi, wenye kilele kama uyoga. Lakini tarehe 12 Desemba mwaka huo Guglielmo Marconi alinasa huko Newfoundland herufi moja iliyotumwa kutoka Uingereza, kwa vifaa vya gharama ndogo zaidi. Tesla akamweleza mfadhili wake kwamba lengo hasa lilikuwa kusambaza nguvu, akaomba fedha zaidi. Morgan alikataa. Inasimuliwa kwamba tajiri huyo aliuua mradi kwa sababu hakuona pa kuweka mita ya kuwatoza watu. Hadithi hiyo ni tamu, ila haina ithibati. Mtu aliyelipia telegrafu, akaona telegrafu ya mwingine imekwisha kufika, hahitaji sababu nyingine ya kufunga mkoba.

Tujiulize sasa: hata kama Morgan angemimina dola zake zote, je, mnara ungeliangaza dunia? Tuichukue karabai iliyowashwa uwanjani usiku. Aliye mita 10 kutoka kwayo huona kusoma. Aliye mita 20 hupata robo tu ya mwanga ule, na aliye mita 40 hupata sehemu moja ya 16. Nguvu inayotawanyika pande zote hupungua hivyo. Tesla aliyajua hayo kuhusu mawimbi ya hewani, na ndiyo sababu alikimbilia ardhini. Lakini ardhi si kengele safi. Udongo na miamba huupinga mkondo na kuugeuza kuwa joto, na kinachobaki hakina wa kukielekeza kwa anayekihitaji.

Ishara huvumilia umaskini huo, lakini nguvu haiuvumilii. Mimi ni mwalimu wa lugha, na naliona jambo hili kila siku. Mtu akiniita kutoka ng'ambo ya bonde, sauti yake hunifikia ikiwa hafifu sana, lakini nikilitambua jina langu ujumbe umefika mzima, kwani maana huikamilisha mimi kwa kuwa lugha ile naijua. Simu ya mkononi hufanya kazi vyema kwa kupokea chini ya sehemu moja ya bilioni ya wati, kwa kuwa nguvu ya kukuza ishara hiyo inatoka katika betri yake. Marconi alihitaji nukta tatu tu za herufi moja. Lakini birika la umeme linalohitaji wati 2,000 halina namna ya kukisia wati ambazo hazikufika. Neno likipungua nguvu njiani bado ni neno. Chakula kikipungua njiani ni njaa.

Mnara wa Wardenclyffe haukukamilika. Tesla aliandamwa na madeni, akaishi kwa mkopo katika hoteli, na mwaka 1917 mnara ukabomolewa. Mwaka huo huo wahandisi wa Marekani walimtunukia nishani iliyoitwa kwa jina la Edison. Aliishi miaka mingine 26, akihama kutoka hoteli moja hadi nyingine, akiwatangazia waandishi wa habari maajabu ambayo hayakuonekana, na akiwatunza njiwa wa mji. Alifariki peke yake tarehe 7 Januari mwaka 1943, katika chumba nambari 3327 cha hoteli ya New Yorker, akiwa na umri wa miaka 86. Miezi mitano baadaye Mahakama Kuu ya Marekani ilibatilisha madai makuu ya hataza moja ya Marconi kwa kuwa wengine, Tesla akiwa mmoja wao, walikuwa wametangulia. Mwaka 1960 kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku kikapewa jina la tesla.

Je, ndoto yake ilikufa? La, ila ilijifunza adabu ya umbali. Simu ikilazwa juu ya kibao cha kuchajia, koili mbili zilizotenganishwa na milimita chache hufanya kazi ile ile ya transfoma ya mlingotini. Kifaa cha kusikia kinachopandikizwa sikioni hupata umeme kupitia ngozi, bila kidonda. Pasipoti za elektroniki zilizoanza kutolewa nchini mwetu mwaka 2017 zina kijisehemu kisicho na betri, ambacho huamka kwa umeme wa mashine inayokisoma. Tangu mwaka 2013 mji wa Gumi, Korea Kusini, umejulikana kwa mabasi yaliyochajiwa na koili zilizofukiwa chini ya barabara. Na mwaka 2007, katika chuo cha MIT nchini Marekani, timu ya Marin Soljačić, mzaliwa wa Croatia, iliwasha balbu ya wati 60 kutoka mita 2 kwa ulandanifu wa mitetemo. Karibu asilimia 40 ya nguvu ilifika.

Wapo pia waliothubutu mbali zaidi, lakini kwa sharti la kuikusanya nguvu katika mwale mmoja badala ya kuitawanya. Mwaka 1975 William Brown na wenzake walituma zaidi ya kilowati 30 kwa mawimbi mafupi, umbali wa kilomita 1.5 hivi, huko Goldstone, California. Mwaka 2023 wanasayansi wa chuo cha Caltech walitangaza kwamba chombo chao kilicho angani kilielekeza nguvu duniani, nayo ikatambuliwa na chombo cha kupokelea. Ikatambuliwa, nasema. Ilifika kama ishara, na taa ya kuwashwa nayo bado.

Basi walimu wenzangu, tusiwafundishe watoto kwamba Tesla alihujumiwa, kwani mwanafunzi anayeamini hivyo hujifunza kulaumu kabla ya kupima. Wala tusiwafundishe kwamba alikuwa mwendawazimu, kwani mota yake inasaga unga wa ugali tunaokula. Tuwaonyeshe mtu mmoja aliyebishana na profesa wake akawa sahihi, kisha akabishana na maumbile akakosea, kwa ujasiri ule ule. Lililotofautisha mara ya kwanza na ya pili ni jaribio. Mota aliiunda, akaiwasha mbele ya watu, ikazunguka. Dunia iliyo kama kengele aliihitimisha tu, akaanza kujenga mnara.

Na yule mwalimu aliyeniuliza nimempa jibu langu. Tuseme umeme pasi waya, tuuache upepo na kazi yake. Nimemwomba pia, siku atakapoliandika jina hilo ubaoni, aandike kando yake umbali. Bila kutaja umbali, jina hilo litaahidi kile ambacho Tesla aliahidi.